Filamu za Uhalifu na Taharuki: Mwongozo kwa Mtazamaji wa Kisangani

Filamu ya uhalifu hujengwa juu ya kosa: mtu ameuawa, fedha zimeibwa, mtoto ametekwa, na tangu hapo kuna anayetafuta na anayetafutwa. Filamu ya taharuki haihitaji hata maiti. Inachohitaji ni mtazamaji anayeiogopa dakika inayokuja. Aina hizi mbili hukutana mara nyingi katika kazi moja, na kwa wauzaji wa filamu huchanganywa pia na za vita, za karate na za uchawi, zote zikapewa jina moja la filamu za mapigano. Mchanganyiko huo huwapotosha wengi. Mnunuzi huvutwa na bunduki iliyo kwenye jalada, akaenda na filamu nyumbani, akakuta watu wawili wanazungumza ofisini kwa nusu saa, akaizima kwa hasira. Kumbe mazungumzo yale ndiyo filamu yenyewe.

Nani anajua nini

Swali linalofungua mlango wa filamu hizi ni moja: nani anajua nini, na amekijua lini? Alfred Hitchcock, Mwingereza aliyehamia Hollywood, alilieleza vizuri kuliko wengine katika mahojiano yake marefu na mwongozaji wa Kifaransa François Truffaut, yaliyotolewa kama kitabu mwaka 1966. Watu wawili wamekaa mezani wakizungumza mambo ya kawaida. Chini ya meza kuna bomu. Likilipuka bila mtazamaji kuwa na habari, atashtuka kwa sekunde chache, basi. Lakini akiwa amemwona mhalifu akilitega, na saa ya ukutani inaonyesha kwamba zimebaki dakika 15, mazungumzo yaleyale ya ovyo yanageuka mateso. Mtazamaji anatamani kuwapigia kelele wanyamaze waangalie chini. Bomu ni lilelile na meza ni ileile. Kilichoongezwa ni habari, pamoja na saa.

Kwa kipimo hicho filamu za namna hii hugawanyika makundi matatu. Kuna zinazomnyima mtazamaji habari mpaka mwisho: mhalifu yumo miongoni mwa watu wanaoonekana, na kazi ni kumtambua. L'Assassin habite au 21 (1942) ya Henri-Georges Clouzot ni mfano mzuri kwa anayesikia Kifaransa. Muuaji anaishi katika nyumba ya wapangaji, inspekta anahamia humo akijifanya mchungaji, na kila mpangaji ana sura ya mtu mwenye jambo la kuficha. Filamu za kundi hili ni tamu mara ya kwanza. Ukishajua jibu, nyingi hazina la kusema tena. Kundi la pili humwacha mtazamaji ajue sawasawa na mhusika mkuu, hatua kwa hatua. Kundi la tatu humpa habari nyingi kuliko wahusika wenyewe, na hilo ndilo linalodumu, kwa sababu hata anayejua mwisho bado hubanwa pumzi.

Katika kundi la pili, Rear Window (1954) ya Hitchcock haina mshindani, na mtu wa Kisangani ataielewa pasipo maelezo mengi. Mpiga picha aliyevunjika mguu amekaa dirishani mwake akitazama nyumba zinazozunguka ua. Anamwona mume mmoja akitoka na sanduku usiku wa manane, akirudi, akitoka tena. Asubuhi mke wake mgonjwa haonekani. Kamera karibu haitoki katika chumba kile, na mtazamaji haoni ila anachokiona mwenye mguu uliovunjika. Isipokuwa mara moja, mpiga picha akiwa amesinzia, mtazamaji anaonyeshwa jambo dogo upande wa pili wa ua, na jambo hilo linamtia shaka kuhusu yote aliyokwisha kuamini. Sekunde hizo chache zina kazi kubwa kuliko mapigano yote ya mwishoni. Katika parseli za Mangobo au Kabondo, familia kadhaa zinapogawana ua mmoja, kila mtu ni mpelelezi asiye na mshahara. Kwa hiyo swali ambalo filamu inaliuliza, kama jirani ana haki ya kuyajua ya jirani, halihitaji kufasiriwa.

Katika kundi la tatu inafaa kuanza na ya zamani kabisa: M (1931) ya Fritz Lang, iliyotengenezwa Ujerumani. Muuaji wa watoto hupiga mluzi wa wimbo uleule kila tamaa yake inapoamka. Mtazamaji anaujua mluzi ule mapema, polisi hawaujui, hivyo mluzi peke yake, bila sura ya mtu, unatosha kumsisimua mwili. Anayekuja kumtambua muuaji ni kipofu anayeuza baluni, kwa sikio. Na kuna kejeli nzuri pembeni: wezi wa mji nao wanamsaka, kwa kuwa misako ya polisi ya kila usiku imewaharibia kazi. Filamu ina zaidi ya miaka 90, haina rangi, na damu haionekani. Anayedai kwamba filamu ya zamani haitishi aanzie hapo.

Waongozaji wawili waliopita kwenye mto Kongo

Kisangani imeunganishwa na filamu za uhalifu kwa njia ya mzunguko. John Huston alikuwa tayari bwana wa fani hiyo: mwaka 1941 aliongoza The Maltese Falcon, ambamo Humphrey Bogart anacheza mpelelezi wa kukodiwa, na mwaka 1950 The Asphalt Jungle, kisa cha genge linalopanga kuiba vito vya thamani. Mwaka 1951 Huston huyohuyo na Bogart huyohuyo, pamoja na Katharine Hepburn, walikuja kupiga kambi msituni karibu na Ponthierville, yaani Ubundu ya leo, juu ya maporomoko ya Boyoma. Kwenye mto Ruiki walipiga sehemu ya The African Queen. Nyingine ilipigwa Uganda na katika studio za London. Maji yaliwaumiza tumbo wengi kambini, Hepburn akiwa mmoja wao. Huston na Bogart, kwa masimulizi yaliyozoeleka, waliponea kwenye wiski.

The African Queen huuzwa kama kisa cha mapenzi na safari. Itazamwe upya kama filamu ya uhalifu: watu wawili, chombo kibovu, mabomu ya majini yaliyoundwa kwa mikono, na meli ya Kijerumani ya kuzamishwa ziwani. Kuna mpango, kuna zana, na kuna kitu kisichokuwa kwenye mpango. Ni mifupa ileile ya The Asphalt Jungle, ila mto umechukua nafasi ya mitaa. Bogart alipata Oscar yake pekee kwa filamu hii, si kwa zile za upelelezi zilizompa jina.

Aliyeshika kamera msituni humo alikuwa Mwingereza Jack Cardiff. Miaka kadhaa baadaye aliongoza mwenyewe Dark of the Sun (1968), yenye askari wa kukodiwa, treni na almasi katika Kongo ya maasi ya miaka ya 1960. Haikupigwa Kongo, ilipigwa Jamaika. Ina nguvu na mwendo, na bado inavutia wapenda vitendo, lakini ukimwondoa sajini anayechezwa na Mmarekani Jim Brown, Wakongo waliomo ni umati wa kukimbiwa au wa kupigwa risasi. Mtazamaji wa mji ulioyaona maasi ya 1964 kwa macho yake ana haki ya kuitazama kwa ukali.

Mwongozaji wa pili, baada ya Huston, ni Fred Zinnemann. Mwaka 1958 alikuja Stanleyville, yaani Kisangani ya leo, na Audrey Hepburn kupiga sehemu za Kongo za The Nun's Story, iliyotoka 1959. Hiyo ni filamu ya mtawa na nadhiri zake, haina mwizi wala polisi. Lakini Zinnemann alikuwa amekwisha kuongoza High Noon (1952), ambamo mlinda sheria wa mji mdogo anasubiri treni ya saa sita mchana itakayomleta mtu aliyeapa kumwua, na saa za ukutani zinaonyeshwa tena na tena huku muda wa filamu ukikaribia kulingana na muda wa kisa. Mwaka 1973 akaongoza The Day of the Jackal, kazi ambayo mtu anayetaka kujua taharuki ni nini anaweza kuitumia kama darasa.

Kisa chenyewe ni hiki. Wanajeshi Wafaransa waliochukizwa na uhuru wa Algeria wanamkodi muuaji wa Kiingereza ampige risasi Rais Charles de Gaulle. Kila mtazamaji anajua kwamba de Gaulle hakuuawa; alifariki nyumbani kwake mwaka 1970. Kwa hiyo mwisho hauna siri. Zinnemann anaukubali ukweli huo, kisha anaonyesha kazi: muuaji anavyotafuta pasipoti ya mtoto aliyekufa, anavyoagiza bunduki inayovunjika vipande vyembamba, na kamishna Lebel, mtu mpole mwenye macho ya usingizi, anavyopekua fishi za wageni wa hoteli moja baada ya nyingine.

Onyesho la kulitazama kwa makini ni la tikiti maji. Muuaji anakwenda porini peke yake, anachora uso kwenye tikiti, analitundika mtini ndani ya mfuko wa wavu, anarudi nyuma hatua nyingi, anaifunga bunduki kwenye mti. Anapiga. Risasi inakwenda pembeni. Anakaza skrubu ndogo ya darubini, anapiga tena, anakaza tena, kwa utulivu wa fundi saa. Risasi ya mwisho ni ya aina nyingine, nayo inalisambaratisha tikiti zima. Hakuna aliyeumia, hakuna aliyesema neno. Tangu hapo, kila muuaji yule anapoonekana amebeba kitu kirefu chembamba, mtazamaji anaona tikiti.

Filamu ya kuiweka kando ya hiyo ni Lumumba (2000) ya Raoul Peck, Mhaiti aliyeishi Kongo utotoni. Eriq Ebouaney anacheza nafasi ya Lumumba, waziri mkuu wa Kongo. Mwishoni mwa Novemba 1960 Lumumba alitoroka nyumba yake ya Léopoldville iliyozingirwa, akaelekea Stanleyville, mji uliokuwa ngome yake, alikokuwa amefanya kazi posta miaka ya nyuma. Alikamatwa mwanzoni mwa Desemba katika eneo la Sankuru, akauawa tarehe 17 Januari 1961 karibu na Élisabethville. Hapa pia mwisho unajulikana, na kinyume chake: de Gaulle anapona, Lumumba hafiki. Mtazamaji wa Kisangani ndiye aliye upande wa pili wa safari ile, katika mji uliomsubiri. Kila kituo cha njiani, kila umati unaomsimamisha ahutubie, ni dakika inayopotea. Peck hakukusudia kutengeneza filamu ya kukimbizana, lakini hakuna filamu ya kukimbizana inayombana mtu wa mji huu kuliko hiyo. Nayo, kama ile ya Cardiff, haikupigwa Kongo: ilipigwa Msumbiji na Zimbabwe.

Wahalifu wa Kinshasa, Nairobi na Kampala

Filamu ya kubuni ya uhalifu iliyoipa Kongo jina ni Viva Riva! (2010) ya Djo Tunda Wa Munga, kwa Kilingala na Kifaransa. Riva anarudi Kinshasa kutoka Angola na lori la mafuta ya wizi wakati mji mzima hauna petroli. Nyuma yake yuko César, Mwangola aliyeibiwa. Mbele yake yuko Nora, mwanamke wa mkubwa mmoja wa mtaani. Uzuri wa kisa ni kwamba kitu kinachopiganiwa hakihitaji maelezo kwa yeyote aliyewahi kupanga foleni na jerikeni. Bei ya petroli inapanda kila kukicha, na Riva hataki kuuza kabla haijapanda zaidi. Tamaa hiyo tu inatosha kuisukuma filamu mpaka mwisho. César, anayechezwa na Hoji Fortuna, anavaa suti nyeupe na kuwadharau Wakongo waziwazi. Katika tuzo za filamu za Afrika, AMAA, za 2011 filamu ilizoa 6, ikiwemo ya filamu bora na ya mwongozaji bora. Ni ya watu wazima tu. Ina matukio ya ngono na ya mateso ambayo si ya kuonyeshwa sebuleni wakiwepo watoto au wakwe.

Kasoro yake ni wanawake. Nora amepewa uzuri na huzuni, hakupewa mpango. Kamanda wa kike anayelazimishwa kumsaidia César ana kisa kizito kuliko cha Riva mwenyewe, na filamu inakipitia mbiombio.

Nairobi Half Life (2012) ya David Tosh Gitonga inasogea karibu zaidi na msomaji wa Kiswahili, kwa kuwa Kiswahili na Sheng, lugha ya vijana wa Nairobi, ndizo lugha zake kuu. Mwas, anayechezwa na Joseph Wairimu, anauza filamu za kunakili kijijini na kuwaigizia wateja mashujaa wa Kimarekani ili wanunue. Anakwenda Nairobi kutafuta kazi ya uigizaji, anaibiwa siku ya kwanza, analala mahabusu, na kutoka huko anaangukia kwenye genge la kuiba vipuri vya magari. Mchana anafanya mazoezi ya tamthilia, usiku anaiba. Nguvu ya filamu iko kwenye mashaka haya: Mwas amejifunza uhalifu wapi, mtaani au kwenye filamu alizokuwa akiuza? Ilikuwa filamu ya kwanza ya Kenya kupelekwa kuwania Oscar ya filamu za lugha za kigeni. Hata anayesikia Kiswahili cha Kisangani tu ataifuata, ila Sheng itamtoa jasho. Maandishi ya chini yawashwe bila aibu.

Kutoka Wakaliga, mtaa wa Kampala, kuna Who Killed Captain Alex? (2010) ya Isaac Nabwana, iliyotengenezwa kwa dola zisizozidi 200. Helikopta zake ni za kompyuta, damu ni ya rangi, na swali lililo kwenye jina halijibiwi hata filamu ikiisha. Juu ya sauti za waigizaji kuna sauti ya msimulizi, VJ Emmie, anayetania, kutabiri na kuwasifu wapigaji. Huo ni utamaduni mpana: Tanzania ilikuwa na Lufufu, aliyefasiri filamu za kigeni kwa Kiswahili na kuzipa chumvi yake. Filamu ya ngumi na risasi hunoga mno ikisimuliwa hivyo. Filamu ya taharuki huuawa. M ikisimuliwa, mluzi hausikiki, na bila mluzi hakuna M.

Filamu nyingi za Kinigeria zinazoonyeshwa Kongo zikiwa zimetiwa Kifaransa nazo zina maiti, urithi na mke mdogo mwenye sumu. Lakini katika nyingi kati ya hizo mhalifu hufichuliwa na ndoto ya mchungaji. Zina raha yake, ila mpenda upelelezi asitegemee ushahidi.

Kwa anayetaka kusoma kabla ya kutazama, riwaya ya Elvis Musiba, Kikosi cha Kisasi (1979), inampeleka mpelelezi wa Kitanzania Willy Gamba mpaka Kinshasa, na ina mwendo wa filamu kuliko filamu nyingi.

Usiku wa kutazama

Filamu za uhalifu hupigwa gizani. Kwenye simu, mchana, chini ya mwembe, nusu ya Se7en (1995) ya David Fincher huwa ni kivuli cheusi chenye sauti za mvua. Kisangani iko karibu kabisa na ikweta, hivyo giza huingia muda mfupi baada ya saa kumi na mbili jioni mwaka mzima. Mtazamaji hana sababu ya kuharakisha. Mwanga wa skrini upandishwe, taa ya chumba izimwe, madirisha yaachwe wazi kwa ajili ya joto.

Umeme ndio unaotakiwa kupangiwa. Filamu ya taharuki haikatwi katikati ikaendelezwa kesho, maana kilichojengwa kwa saa nzima hubomoka kwa usingizi wa usiku mmoja. Kwa hiyo urefu uangaliwe kabla ya kubonyeza, na ulinganishwe na betri iliyopo. High Noon ina dakika 85 tu. Nairobi Half Life na Viva Riva! hazifiki dakika 100. Rear Window ina 112. The Day of the Jackal inafika 143, na Heat (1995) ya Michael Mann 170. Hizo zingojee usiku ambao umeme ni wa uhakika au chaja ya sola imeshiba. Kama kuna jenereta, iwekwe mbali kadiri waya unavyoruhusu, si kwa ajili ya moshi tu. Katika filamu hizi mlango unaofunguka taratibu na hatua za ngazini ni sehemu ya kisa, na injini inayonguruma ukutani huzimeza. Spika za masikioni za bei ndogo hufanya kazi vizuri kuliko spika kubwa iliyopasuka.

Kuhusu lugha, filamu nyingi za Marekani hufika mjini zikiwa zimetiwa sauti za Kifaransa. Kwa vichekesho si neno. Kwa uhalifu ni hasara, kwa kuwa woga wa mwigizaji uko kooni mwake, na koo lile limebadilishwa na la mtu mwingine aliyekaa studio. Yakipatikana, sauti ya asili pamoja na maandishi ya Kifaransa ndiyo bora. Wasiosoma haraka wana bahati moja kubwa: Le Samouraï (1967) ya Jean-Pierre Melville. Alain Delon, muuaji wa kukodiwa mwenye koti la mvua na ndege wa kufugwa tunduni, hapitishi neno mdomoni kwa takriban dakika 10 za mwanzo, na hata baada ya hapo anasema kidogo. Babu asiyejua Kifaransa na mjukuu aliyekisoma shuleni wataielewa kwa kiasi kilekile.

Kuhusu wenzi wa kutazama: mwaka 1960 Hitchcock alizitaka kumbi zisimruhusu yeyote kuingia baada ya Psycho kuanza. Katika kibanda cha video amri kama hiyo haitekelezeki. Watu huingia, hutoka, huita rafiki, na daima yupo mmoja aliyekwisha kuiona. Nyumbani inawezekana. Waalikwa wachache waambiwe saa, atakayechelewa angoje filamu ijayo, na aliyekwisha kuiona akae nyuma na mdomo wake. Filamu ikiisha, mazungumzo yaanze na swali la mwanzo: nani alijua, na tangu lini? Mara nyingi mabishano yatafichua kwamba dalili ilionyeshwa mapema na kila mtu aliiona bila kuiona. Hapo filamu nzuri na mbaya hutengana. Nzuri ilikuwa imeweka jibu mezani. Mbaya ilimtoa muuaji mfukoni dakika ya mwisho.

Jambo moja lisipuuzwe katika mji huu. Kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya Kisangani, na waliobaki na majeraha ya vita hivyo vya siku sita wapo karibu kila mtaa. Milipuko na bunduki kwenye spika kubwa, usiku, si burudani kwa kila sikio la jirani. Sauti ipunguzwe, na mgeni aulizwe kabla, si baada.

Uhalifu bila waigizaji

Mtazamaji akishazoea kuuliza nani anajua nini, atavutwa na filamu za kweli, na hapo Kisangani ina mtu wake. Dieudo Hamadi alizaliwa mjini humu mwaka 1984. Examen d'État (2014) inawafuata wanafunzi wa Kisangani wanaojiandaa kwa mtihani wa taifa. Haina maiti, lakini ina fedha zisizopatikana, usiri, njia za mkato na siku ya matokeo inayokaribia. Viungo vyote vya genge linalopanga kazi vimo, na wapangaji ni watoto wa shule.

En route pour le milliard (2020) inawafuata walemavu wa vita vya siku sita wanaoshuka mto mpaka Kinshasa kudai fidia yao, safari ya kilomita zipatazo 1,700. Ilikuwa filamu ya kwanza ya Kongo kuingia katika uteuzi rasmi wa Cannes. Kosa linajulikana, waliotenda wanajulikana, na walioumia wanasimama mbele ya kamera na magongo yao. Kinachotafutwa ni mtu wa kuwafungulia mlango. Katika maonyesho ya mashuani, mvua inaponyesha na abiria kushikilia turubai kwa mikono, kuna hofu ambayo hakuna studio iliyoigiza. Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda kuilipa Kongo fidia ya dola milioni 325.

Na kuna Maman Colonelle (2017). Honorine Munyole, kanali wa polisi anayeongoza kitengo cha kuwalinda watoto na wanawake waliobakwa, anahamishwa kutoka Bukavu kwenda Kisangani. Anafika na watoto wake, hana gari la maana, hana bajeti, na watu wa mji wanamletea mafaili ambayo hayakuwahi kufunguliwa: wanawake walioteswa mwaka 2000, na watoto waliopigwa kwa tuhuma za uchawi. Kamera ya Hamadi haimsifu wala kumhoji. Inasimama pembeni yake akisikiliza. Mpelelezi wa filamu za kubuni huingia chumbani akauliza maswali matatu akapata jibu. Huyu anakaa kwenye kiti cha plastiki, anamngoja mama amalize kulia, anauliza tena. Kuna wakati mtu mmoja anajua, mtaa mzima unajua, na bado hakuna anayesema. Hapo swali la nani anajua nini linapata uzito ambao Hitchcock hakuwahi kuufikia.

Filamu hiyo ilipata tuzo kuu ya tamasha la Cinéma du Réel mjini Paris mwaka 2017. Ina dakika 72, hivyo betri ya kawaida inaimudu, na mitaa yake inatambulika. Mwenye usiku mmoja tu wa kutumia kwa yote yaliyotajwa hapa aanze na hiyo.